Wa Mwisho Ni Wangu

Paukwa!
*Pakawa.*
Pakawa wapi?
*Juu ya miti, juu ya ndege, ukunguni.*
Na ukunguni mna nani?
*Mna sisi na wenzetu.*
Wangapi?

Vyema. Mmenyamaza vyema. Basi sikilizeni.

Hapo kale, juu kabisa mlimani, palikuwa na mabonde matatu, na kila bonde lilikuwa na ziwa lake. Ziwa la kwanza lilikuwa la kijani, la pili la kijivu, la tatu jeusi, na hilo jeusi halikurudisha sura ya aliyeliinamia. Pimbi walikaa bonde la kwanza, katika nyufa za mawe. Kiangazi kikija, nyasi za chini zikikauka, walipanda hadi ziwa jeusi, ambako majani hayakauki. Walipanda mchana, kwa mstari, pua ya huyu mgongoni kwa yule, na walikuwa na mwiko mmoja: njiani hakuna kuhesabiana. Wazee walisema ukiwahesabu wasafiri ndani ya ukungu, mlima nao huongeza wake.

Kati ya bonde la kwanza na la pili palikuwa na mwanya mwembamba wa majabali. Mwaka huo Chui alilala hapo mwanyani. Mkia tu ulisogea: fya, fya. Sharti lake lilikuwa fupi. Wote wapite, ila wa mwisho ni wake.

Bi Pimbi, kiongozi wa msafara, alitupa jicho nyuma. Wa mwisho alikuwa Tuku, kitinda mimba wake, aliyechomwa na mwiba mguuni. Alitembea tiki, kimya, tiki, kimya. Kumweka mwingine nyuma yake ni kumtoa mtoto wa mwenzake. Kukaa nyuma yeye mwenyewe ni kuwapoteza wote, maana njia ya ziwa jeusi aliijua yeye peke yake.

Akainama. "Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Mko wangapi?"

Msafara mzima ukaganda. Bi Pimbi hakuganda. Alieleza kwa unyenyekevu kwamba wao si watu wa hesabu, kichwa hicho hawana; bwana mwenye macho makali na ahesabu mwenyewe. Chui akahesabu kwa ukucha juu ya jiwe: kwa, kwa, kwa, hata wakafika saba.

"Huyu wa saba ni kijipande cha ngozi," akasema. "Nitamla na njaa itabaki palepale."

"Hata mimi nakuonea huruma, bwana. Lakini mlima huu ni mkarimu. Hesabu tena huko mbele, huenda wa mwisho akawa mnene. Tembea nasi kando. Sisi na miguu hii tutakukimbia twende wapi?"

Chui akainuka, akajinyoosha.

Wakapanda, wakapanda. Ukungu ukashuka, ukashuka.

Kando ya ziwa la kijivu huota mimea mirefu, kimo cha mtu, yenye ndevu za majani makavu. Ndani ya ukungu husimama kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Bi Pimbi alipima kwa jicho, akausimamisha mstari pale ambapo Tuku aliachwa na mmea mmoja mgongoni. Chui akahesabu: kwa, kwa, kwa. Nane. Wa nane alikuwa mrefu, amenyamaza. Chui akajikunja tayari kuruka.

Bi Pimbi akamnong'oneza kwamba mlima ndio kwanza unafungua kiganja. Akinyakua sasa, utakifunga. Chui akameza mate, gudu. Akangoja.

Wakapanda, wakapanda. Ukungu ukashuka, ukashuka.

Pembeni mwa ziwa jeusi nyasi huelea juu ya maji. Pimbi ni mwepesi, hupita. Mzito hapiti. Katikati ya nyasi hizo miaka yote ulisimama mmea mmoja, na huo ndio alioutegemea Bi Pimbi tangu mwanyani. Akawaingiza wenzake juu ya nyasi, mmoja mmoja, huku Chui akiwatazama kutoka kwenye jiwe. Bi Pimbi alipofika katikati, akaona mmea umeanguka. Ulikuwa umelala majini, umeoza.

Na kule jiweni ukucha ulikwisha anza: kwa, kwa, kwa, ukawapita wale saba. Nane.

Kwa.

"Tisa," akasema Chui.

"Mama," Tuku akanong'ona, "aliye nyuma yangu ananipumulia baridi."

"Usigeuke, mwanangu. Tembea."

Tiki, kimya. Tiki, kimya. Na katika kila kimya, kikaingia kishindo ambacho si cha Tuku.

"Mnene," Chui akasema taratibu, kama anayeota. "Wa mwisho ni wangu."

Akaruka. Nyasi zikafunguka. Chubwi. Nyasi zikajifunga, na maji hayakutoa hata wimbi moja.

Pimbi walikula majani mabichi mpaka mvua ziliporudi, kisha wakashuka. Mwanyani hapakuwa na mtu. Mguu wa Tuku ulikuwa umepona, lakini alitembea wa mwisho kwa mazoea.

"Mama, tumekamilika?"

"Tumekamilika."

"Mbona nyuma yangu kuna hatua nzito, na harufu ya manyoya yaliyolowa?"

Bi Pimbi hakugeuka. "Huyo ndiye wa mwisho, mwanangu. Mahali hapo alipataka mwenyewe. Wewe tembea."

Ngano yangu naitua hapa kama mzigo wa kuni. Mwenye baridi na aichukue. Na funzo lake ni hili: hesabu ni elimu bora, na mwerevu huhesabu kila kitu, kila siku, kila mahali. Nendeni mkahesabu. Mimi jicho langu limechoka, naona tu kwamba mmejaa hadi mlangoni.

Nawe uliyeketi nyuma kabisa, mbona unageuka?