Achari ya Kindi kwenye Duka la Fisi

Hapo zamani za kale, lakini si za kale sana, maana simu zilikuwapo na mtandao ulikuwa ukikatika kama huu wetu, paliishi Bi Kindi, mpishi wa achari ya ndimu. Ukinusa kifuniko tu, mate yanakutoka.

Akataka kuwauzia hata wa ng'ambo ya mto. Basi akapanda mtini, mahali pekee mtandao ulipokamata, akafungua duka kwenye soko la mtandaoni la Mzee Tembo. Soko lile lilikuwa na sharti moja: kilichoandikwa dukani, mwenye duka atakitimiza. Akapiga picha ya chupa mara kumi na nne, mpaka mkia wake usionekane. Kabla ya adhuhuri, ting! Oda ya kwanza. Ting! Ya pili. Kwa furaha akasahau kushuka kula.

Sasa Fisi, wanangu, mnamjua. Kukata ndimu hajui, ila kukodolea macho cha mwenzake ni fundi. Naye akafungua duka. Picha za Kindi, maelezo ya Kindi neno kwa neno, bei nusu. Walioagiza kwake aliwapelekea maji ya chumvi yenye maganda.

Wateja waliona picha ni ile ile, basi lawama zote zikamwangukia Kindi. Wiki haikwisha, oda zikakauka. Akabaki na mapipa mawili ya achari na jina lililoharibika, na roho ikamuuma kweli kweli.

Akamwendea mwizi wake. "Bwana Fisi, picha zile ni zangu."

"Zako? Umeziandika jina?" Fisi akacheka, kwe-kwe-kwe. "Nenda kashitaki. Tuone Mzee Tembo atamwamini nani, mimi au wewe kijipande cha mnyama."

Kindi akarudi zake akiwaza. Akakumbuka kwamba alipofiwa na mjomba akaandika duka limefungwa kwa msiba, siku ile ile duka la Fisi nalo liliingia msibani. "Kumbe huyu anabeba tu," akajisemea. "Kusoma hasomi."

Akaenda kwa Konokono, jirani ambaye Kindi alizoea kumwita shangazi. "Shangazi, kaa na simu mkononi. Nikiweka bidhaa mpya, nunua hapo hapo, mwingine asikutangulie."

"Mwanangu, mimi ni mzito wa mambo."

"Ndiyo maana nimekuja mapema."

Kindi akapanda mtini, akaandika: *Achari Maalumu. Ipo chupa moja. Mwenye duka atakuja mwenyewe kufagia nyumba na ua wa mnunuzi mpaka pang'ae.* Konokono akainunua. Kindi akapeleka chupa, akafuta gamba la shangazi kwa jani, fyu, akapuliza na ndani, puu. Nyumba ikang'aa, sharti likatimia.

Fisi alikuwa ameshabeba yote. Alichotazama ni idadi tu: badala ya chupa moja, akaandika mia.

Kindi akaenda kwa Mzee Tembo. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama watoto hajachoka kuzoa samadi? Dukani kwa Bwana Fisi, ukinunua achari unafagiliwa na ua."

Tembo akatazama simu, akaguna, akanunua. Kesho yake Fisi akapeleka chupa, akageuka aende zake.

"Fagio liko wapi?" akauliza Tembo.

"Fagio gani, Mzee?"

Tembo akamsomea maelezo, taratibu, mpaka nukta ya mwisho. Fisi akautazama ua. Tembo, mkewe na wana saba walikuwa wamekaa pale tangu masika, na samadi ilimfika magotini.

"Mzee, maneno hayo si yangu."

"Yako dukani kwako. Ni ya nani?"

Fisi akaitazama samadi tena. "Ni ya Kindi," akasema. "Mimi niliyachukua tu."

"Na picha?"

Fisi akajibu kwa sauti ndogo, "Na picha."

"Basi leo duka lako limefungwa, na nitawatangazia wanunuzi wote achari ya kweli ni ya nani," akasema Tembo. "Lakini niliyoyanunua nimeyanunua. Sharti ni sharti. Ukimaliza hapa, nenda kwa Kiboko. Naye amenunua."

Fisi akainamia fagio, shakra, shakra, shakra, jasho likimtiririka. Kindi akakaa juu ya ukuta, simu yake ikilia ting, ting, wala hakuwa na haraka ya kuipokea.

"Bwana Fisi," akasema, "pale kwenye kona umepasahau."

Hadithi yangu nimeiacha pale uani, na funzo lake ni hili: mwenye kuiba maneno ya mwenzake atayabeba pamoja na mzigo wake.