Kelele Zilizofukuza Mvua

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuitana barazani, mvua iligoma kunyesha. Nyani, katibu wa baraza, akagonga debe. Ngwa! Ngwa! Ngwa!

"Mvua imefukuzwa na kelele za Kindi," alitangaza. "Ahame leo, na karanga zake aniachie mimi nizitunze. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyooo!"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Katibu akiuliza, baraza linaitikia. Aliyekuwa akisinzia ndiye aliyeitikia kwa nguvu zaidi.

Kindi aliwakumbatia wanawe. Karanga zile ndizo chakula chao pekee.

"Jamani," alisema, "radi ina kelele kunishinda mimi. Mbona huja pamoja na mvua?"

"Aka! Keti, mama!" alifoka Tembo, mwenyekiti. "Usituchoshe na maswali."

Kindi akaona maswali hayana mnunuzi pale. Akafuta machozi.

"Sawa, Mzee Tembo. Basi niruhusu niwaage wenzangu."

"Aga upesi!"

Kindi akarukia juu ya debe, ti!

"Nyani ni mkweli, ndiyo au siyo?"

"Ndiyooo!"

"Kelele hufukuza mvua?"

"Ndiyooo!"

"Mwenye kelele kubwa ndiye ahame kwanza?"

"Ndiyooo!" Nyani naye aliitikia, mkia juu.

"Na mwenye sauti kubwa kutushinda sote ni Mzee Tembo?"

"Ndiyooo!"

"Basi na ahame yeye?"

"Ndiyooo!" Hata Tembo aliitikia, kwa mazoea.

Masikio ya Tembo yakasimama.

"Ahame nani?"

"Wewe, baba. Baraza limepitisha, nawe umekubali."

"Hebu ngojeni kwanza! Nani aliiona mvua ikikimbia kelele? Na radi je?"

"Lo! Swali zuri hilo, Mzee," Kindi alisema kwa adabu. "Sijui umelitoa wapi."

Wote wakamgeukia Nyani.

"Mimi... nilisikia tu," alisema Nyani, akijikuna.

"Ulisikia kwa nani?" Tembo aliuliza.

"Kwa tumbo lake!" alidakia Ngiri. "Lililia karanga!"

Kwa! kwa! kwa! Baraza zima likacheka.

"Kindi abaki," Tembo alitangaza. "Nami nibaki. Tangu leo, kila mtu afikiri kwanza ndipo aitikie. Ndiyo au..."

"Ndiyooo!"

Kindi hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia nyumbani, akahamishia karanga zake mahali pengine.

Nanyi wanangu, anayeitikia kabla ya kuuliza anaweza kujifukuza kwake mwenyewe.