Deni la Jini Dahmani

Zama za Sultani Mundhiri, mtawala wa Madinati Udi aliyekuwa hana wa kumwambia la, alifariki tajiri wa manukato aitwaye Khuzaima, akaacha mwana, kasri, na pete iliyomfunga jini Dahmani. Na wasii wa tajiri huyo, msimamizi wa mirathi na madeni yake, alikuwa dadaye Mwanakheri, aliyezaliwa kipofu na kufumbuliwa macho na jini huyo.

Kaburi lilipofukiwa, Mwanakheri akasimama kama ilivyo ada ya wasii, akanadi kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Hapo pete iliyokuwa kidoleni mwake ikanena:

“Namdai mimi. Aliniahidi uhuru siku atakayokufa.”

Mwana wa marehemu, Yakuti, aliyemposa binti Sultani, akacheka, kwani tangu lini pete ikadai? Lakini kicheko kilimkauka, maana alijua jini akienda, kila alichokitenda kitakwenda naye: kasri, dhahabu, na nuru ya macho ya shangaziye.

Wakaitwa barazani kwa Sultani. Kadhi, akimtazama Sultani usoni kabla ya kila neno, akahukumu kuwa jini ni mali, na mali haina madai.

“Shangazi,” Yakuti akasema kwa upole wenye sumu, “hayo macho unayotukodolea ni ya nani? Mfungue, kesho upapase ukuta kutafuta mlango.”

Mwanakheri akamgeukia Kadhi.

“Shehe wangu, kila Ijumaa watufundisha kwamba deni la maiti hutangulia urithi, na kwamba ahadi ni deni. Je, ni deni kwa wachukuzi tu, matajiri wamesamehewa?”

Kadhi akakohoa, akamtazama tena Sultani.

Mwanakheri akarudi nyumbani, akamketisha bintiye Sikudhani mbele yake, akamtazama kitambo kirefu, kope, kidevu, pengo la jino, hata mtoto akauliza, “Mama, mbona waniangalia hivyo?” Mwanakheri akaiweka pete kinuni, akaitwanga.

Kasri likatoweka kama moshi wa ubani, na giza likamfunika. Dahmani akaenda zake bila kushukuru. Na ashukuru nini? Alilipwa haki yake, hakupewa sadaka.

Posa ya Yakuti ikavunjwa siku ile ile, naye akaishi akimlaani shangaziye.

Miaka ikapita, Sultani akaugua, akatuma mjumbe kwa yule kipofu: awe wasii wake, kwani katika mji mzima hakumwamini mwingine.

“Kamwambie Maulana nimekubali,” akasema Mwanakheri. “Ila aliowadhulumu awalipe angali hai. Wasii hulipa madeni; hamfulii maiti dhambi zake.”