Mche Wenye Kitambaa

Cha kuanzia hakianzwi.

Ndiyo, ndivyo mama yenu alivyowaambia, na amewaambia kweli. Mmeshika visu mnataka kukaanga viazi vilivyokwisha kuchipua, viazi vya kupanda wiki ijayo, halafu mkikatazwa mnauliza huo usemi umetoka wapi. Haya, kaeni chini. Wewe weka hiyo simu. Msemo huu haukutoka kwa wahenga wasio na majina. Ulimtoka mwanamke mmoja siku aliyokasirika mpaka mtandio ukamwanguka asijue, na asili yake ni hii.

Huko juu Kwekidandu, kwenye milima ya Usambara, alikuwapo mama mmoja akiitwa Bi Mboni. Mumewe alikuwa Mzee Shemahonge. Nyuma ya jiko Bi Mboni alikuwa na bustani, si kubwa, ukitupa kikombe upande huu kinaangukia upande ule. Ilikuwa na mchicha, figiri, pilipili mbili tatu. Lakini roho yake ilikuwa kwenye nyanya. Kila mtu na ugonjwa wake, na wa Bi Mboni ulikuwa huo.

Sasa, kule milimani nyanya na masika haziivi chungu kimoja. Ukungu unashuka alfajiri, unakaa mpaka adhuhuri, na majani ya nyanya yanaanza kuota mabaka meusi. Siku nne tu, mche mzima umenyauka kama umemwagiwa maji ya moto. Watu husema nyanya zimeungua. Kuungua kwenye baridi! Kwa hiyo masika ikiingia, kijiji kizima kilikula mchuzi mweupe, au kilisubiri nyanya zilizopanda kutoka tambarare zikiwa zimepondeka kwenye matenga. Bi Mboni jambo hilo lilimkera kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa akisema, "Mtu ana ardhi, ana mvua, ana mikono, halafu anakula mchuzi kama maji ya kuoshea mchele? Kwa nini?"

Basi akaanza kutafuta nyanya yake. Alipanda zile za mviringo, za ngozi laini. Mvua ya kwanza tu, zikapasuka. Akapanda zile ndefu kama yai. Zilikuwa ngumu, za kusafiri, lakini ukizitia kwenye kachumbari unatafuna kama karoti. Bwana shamba akampa pakiti yenye picha ya nyanya nyekundu inayong'aa. Mwaka wa kwanza zilizaa ajabu. Akazikamua mbegu, akapanda tena, na mwaka wa pili kila mche ukatoka na sura yake, kama watoto wa mama mmoja na baba saba. Bi Mboni akaenda kumuuliza bwana shamba, naye akamjibu kwa upole kwamba mbegu zile ni chotara, hazirudiwi, kila msimu mtu hununua mpya. "Sasa hiyo ni mbegu au ni kodi?" Bi Mboni akasema, akaondoka bila kuaga.

Mwisho akapata kwa dada yake nyanya za zamani, vijinyanya vyenye mikunjo, vichachu mpaka jicho linafumba lenyewe. Lakini zilikuwa na sifa moja, haziungui. Akazipanda katikati ya zile nyingine, nyuki wakafanya kazi yao, naye akaanza kuchagua. Kila mwaka alipanda mbegu zote, akauachia ukungu ung'oe wanyonge, kisha akaonja waliobaki, akachukua mbegu za mche uliomridhisha kidogo kuliko mingine. Mwaka wa kwanza chachu. Wa pili chachu. Wa tatu chachu, ila nyama imeongezeka. Watu walimcheka. Shemahonge mwenyewe alikuwa akikunja uso mezani na kusema, "Mama Zubeda, leo tunakula nyanya au ndimu?"

Mwaka wa nne alipanda miche thelathini. Ukungu ukaja, na ulikuja kwa fujo mwaka ule. Ikabaki minane. Saba ilikuwa michachu kama mama zao. Wa nane, uliokuwa pembeni karibu na ua, tunda lake la kwanza lilidonolewa na ndege, likaliwa ndani lote. Bi Mboni akamega kipande cha ganda kilichobaki, akakitia mdomoni.

Akasimama pale pale. Kilikuwa kitamu. Utamu wenyewe, na uchachu kidogo nyuma yake, kama unavyotakiwa. Ngozi ngumu isiyopasuka, mche wa kijani katikati ya ukungu, na utamu. Miaka minne! Akachana kipande cha kanga yake kuukuu, akaufunga ule mche shinani. Ulikuwa umebakiwa na matunda sita, yote mabichi bado.

Siku ya tatu ikaja habari kutoka Muheza kwamba binti yao Zubeda amejifungua. Mama mzazi ni lazima aende kumkanda na kumlea mpaka arobaini itoke. Hakuna mjadala hapo. Bi Mboni akafunga mizigo, lakini moyo wake ulikuwa bustanini, kwa sababu mlinzi wa kumwachia alikuwa mmoja tu, naye ni Shemahonge.

Si kwamba Shemahonge alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema hasa, mkarimu, wa swala tano. Ila alikuwa hasikii. Aliambiwa leta chumvi, akaleta sukari. Aliambiwa ng'oa magugu, akang'oa karoti. Basi safari hii Bi Mboni akampeleka mpaka kwenye mche wenyewe, kama mtu anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza.

Na hapa ndipo penye kisa, sikilizeni vizuri. Mama yake Bi Mboni alimlea na mwiko mmoja wa nyumbani kwao, kwamba tunda likiwa bado mtini haliitwi mbegu. Mbegu ni ile iliyokwisha kukauka na kufungwa kwenye kitambaa. Ya mtini ni majaaliwa, ukiitaja jina unaitafutia balaa. Kwao walisema "ya kuanzia", yaani ya kuanzia msimu ujao. Hivyo ndivyo Bi Mboni alivyosema maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri kwamba mumewe wa miaka thelathini na mbili halijui hilo.

"Baba Zubeda, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mche wenye kitambaa ni wa kuanzia. Umesikia? Hii saba mingine ni ya kula tu."

"Nimesikia. Wenye kitambaa wa kuanzia."

"Rudia yote."

"Mche wenye kitambaa ndio wa kuanzia. Mama Zubeda, mimi si mtoto."

Mmeisikia hiyo "ndio"? Yeye alisema "ni wa kuanzia", mzee akarudisha "ndio wa kuanzia". Kaneno kadogo kama kiroboto. Bi Mboni hakukasikia, gari lilikuwa linapiga honi barabarani.

Huko Muheza alipiga simu kila Ijumaa. Mtandao wa milimani mnaujua, nusu maneno, nusu upepo.

"Mche wangu hajambo?"

"Hajambo sana! Zimeiva!"

"Umefanya kama nilivyokwambia?"

"Neno kwa neno, mama."

Akashusha pumzi. Akamwambia hata Zubeda, "Baba yako safari hii amesikia. Mungu mkubwa."

Arobaini ikatoka, akarudi. Hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka nyumba na begi lake kichwani, moja kwa moja bustanini. Miche saba ilikuwapo, imezaa, bado imeinama kwa matunda. Pembeni karibu na ua, pale penye mche wa nane, palikuwa na tuta limelainishwa vizuri sana, na mchicha mchanga umeota kwa mstari. Kile kipande cha kanga kilikuwa kimefuliwa, kimekunjwa, kimetundikwa kwenye ua.

Begi likamponyoka.

"Baba Zubeda!"

Mzee akatoka jikoni anatabasamu, ametandaza mikono. "Karibu mama! Umeona mchicha? Nilitaka kukushangaza."

"Mche uko wapi?"

"Upi?"

"Wenye kitambaa!"

"Ah, ule tulimaliza zamani. Nilifuata maagizo, nikaanza na huo. Walikuja ndugu zangu kutoka Korogwe, nikawaambia, mke wangu kaacha amri, hii mingine haiguswi mpaka huu uishe. Matunda yote sita tukayatia kwenye kachumbari. Mche ulipokuwa mtupu nikaona unakaa bure, nikaung'oa, mbuzi wakala."

Bi Mboni akakinyakua kile kitambaa kwenye ua.  

"Nilikwambia ni wa kuanzia!"

"Ndiyo, nami nikaanza nao!"

"Wa kuanzia, Shemahonge! Wa kuanzia msimu! Wa kuanzia mwakani!" Na alipomwita mumewe kwa jina la ukoo, bila Baba Zubeda, mzee akajua kwamba mambo yameharibika. "Miaka minne nachagua! Miaka minne nakula uchachu! Cha kuanzia unakianzaje? Cha kuanzia hakianzwi! Hakianzwi, hakianzwi, hakianzwi!"

Jirani yao, Bi Chausiku, alikuwa upande wa pili wa ua anaanika kunde. Aliyasikia yote, na kwa kweli kijiji kizima kiliyasikia.

Shemahonge akasema kwa sauti ndogo, "Si ungesema tu ni za mbegu, mke wangu?"

Hapo ndipo Bi Mboni alipokaa chini, kwenye ule mchicha, kwa sababu lile lilikuwa kweli. Hasira ya kuonewa mtu anaweza kuibeba. Hasira iliyochanganyika na kosa lako mwenyewe haibebeki. Akakaa anang'oa kimchicha kimoja kimoja na kukitupa, na mzee amesimama mbele yake asijue aweke wapi mikono.

Akainuka, akaenda jalalani. Akachakura kwa kijiti, halafu kwa vidole, akitafuta japo ganda moja, mbegu moja iliyoganda mahali. Kuku walikuwa wamekwisha kupita siku nyingi. Akachunguza na kibao cha kukatia, na bakuli la kachumbari, akavielekeza kwenye mwanga na kuvigeuza. Vilikuwa vimeoshwa vikang'aa. Siku arobaini hakuwapo, na mzee alikuwa ameosha vyombo kila siku kama alivyoagizwa.

Akarudi mlangoni, mikono imejaa taka. Sauti yake sasa ilikuwa imetulia, na mzee aliiogopa zaidi hiyo.

"Niambie kitu kimoja tu. Zilikuwa tamu?"

Shemahonge hakujua kudanganya. Angejua, siku ile angedanganya.

"Zilikuwa tamu, mke wangu. Sijapata kula nyanya kama ile. Wageni walifuta bakuli kwa mkate."

Bi Mboni akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Mwanzoni watu waliufanya usemi ule kichekesho. Bi Chausiku aliusambaza kisimani siku ile ile, na wasichana wakawa wakigombania kikombe cha uji wanaambiana, "Hakianzwi, hakianzwi!" wanaanguka kwa kicheko. Lakini masika iliyofuata ukungu ulishuka, nyanya za kijiji kizima zikaungua, na watu wakapeleka mabakuli kwa Bi Mboni kuomba zile chachu, za mbegu za ile miche saba. Wakala wakikunja nyuso. Kila aliyekunja uso alikumbuka kwamba ilikuwapo nyingine. Kuanzia hapo kicheko kikapungua, na mtu akitaka kuchinja mtamba wa pekee zizini, au kusaga mahindi yaliyotundikwa juu ya moshi wa jiko, anaambiwa maneno yale kwa uso mkavu.

Na Bi Mboni? Aliacha ule mwiko wa kwao. Akawa akifunga kitambaa anatangaza mpaka ng'ambo ya bonde: "Hii ni mbegu! Mbegu! Mwenye masikio na asikie!" Alianza upya na mbegu za ile miche saba, akachagua masika kumi na moja nyingine. Ziliongezeka ukubwa, ziliongezeka wingi, na hata leo watu wa Kwekidandu hawali mchuzi mweupe. Lakini ule utamu haukurudi. Uchachu ulibaki pale pale, mpaka mama wa watu akazeeka, jembe likamshinda.

Vijana kama nyinyi walipokuwa wakimwendea kumuuliza ile nyanya ya mche wenye kitambaa ilikuwaje hasa, hakuwa akijibu. Alikuwa anamnyooshea kidole mumewe, aliyekaa kwenye kigoda na fimbo yake. "Muulizeni huyo," anasema. "Mimi sikuila."

Wakimgeukia mzee, naye haelezi utamu. Anaangalia chini, anazungusha fimbo kwenye vumbi, halafu anasema polepole: Cha kuanzia hakianzwi.