Fundi Aliyeituliza Hewa

Ndugu zangu, kulikuwa na hospitali moja yenye jenereta. Umeme ukikatika, chumba cha kujifungulia kiliitegemea hiyo tu.

Fundi wa hospitali, mtu mwenye bidii, aliifungua kuisafisha. Kwenye njia ya kuingizia hewa akaona ukingo umejitokeza. "Hiki nacho kinaziba nini hapa?" Akausugua kwa msasa mpaka njia ikawa laini kama sahani.

Tangu hapo injini ikatoa moshi mweusi, na taa zikiwashwa zote inazimika. Fikiria mama yuko kitandani, uchungu umekaza, taa inakufa!

Wakamtuma fundi akipeleke kifuniko cha injini, chenye njia ile ya hewa, kwa mhandisi mmoja, mwanamke aliyesomea mwendo wa hewa. Wewe umewahi kuiona hewa? Yeye alikifunga kifuniko hicho juu ya silinda ya kioo, akaingiza hewa yenye matone ya mafuta madogo kama ukungu, kisha akapitisha mwanga wa leza, mwembamba kama karatasi. Matone yaking'aa, kamera inapima yanaelekea wapi na kwa kasi gani.

Fundi akachungulia. Matone yalishuka yamenyooka, taratibu.

"Umeona, dada? Hewa imetulia kama mtoto aliyeshiba!"

"Subiri, kaka."

Mhandisi akafunga kifuniko kingine, ambacho ukingo wake haujasuguliwa. Loo! Matone yakazunguka, yakapinduka, yakakimbizana.

"Sasa hiyo si fujo?"

"Ni fujo, kaka. Ndiyo inayochanganya mafuta na hewa yaungue yote. Yako imetulia, ndiyo maana injini inakufa."

Fundi akashika kichwa. "Kumbe nimesugua uhai wake!"

Kile kifuniko cha pili kikafungwa hospitalini. Umeme ulipokatika tena, mtoto alizaliwa taa zikiwaka.

Tunamstaajabia mhandisi yule aliyeiona pumzi ya injini, na anastahili. Je, aliyempa akili hiyo haoni kinachozunguka kifuani mwako?

Sisi kila siku tunamwomba Mungu atulainishie njia. Mtoto asilie. Mkwe asije. Jirani asigonge mlango. Tukiona anachelewa, tunashika msasa wenyewe. Nani kati yetu hajasugua ukingo ambao Mungu aliuweka kwa makusudi?

Ee Bwana, leo tukikuomba utulivu, utuangalie kwanza ndani. Usitupatie utulivu ule wa injini iliyozimika.