Mkia wa Jumbe Mrindoko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya watu waliolala na njaa? Nimewaona wote hapa mkikomba vyungu kwa vidole! Tena: Paukwa!

— PAKAWA!

Haya, hiyo ndiyo sauti. Basi hapo zamani za kale, zamani hasa, kabla babu yake babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji mlimani. Kijiji hicho kilikuwa na mfereji mmoja tu. Maji yanatoka juu msituni, chururu, chururu, yanashuka mpaka chini. Kila nyumba ina zamu yake. Zamu yako ikifika, unafungua mlango wa shamba lako, yaani unatoa lile tope, maji yanaingia, mahindi yanakunywa. Ukimaliza unaziba, na mwenzako afungue.

Na mfereji ulikuwa na mila zake. Ukikuta mlango wako umezibwa na mkono usioujua, usiuguse mpaka baraza lije lishuhudie. Ukiugusa peke yako, mwizi wa maji ni wewe. Na ile mila kali kuliko zote: shamba lisilovunwa misimu miwili, linarudi kwa Jumbe.

Sasa huko chini kabisa aliishi mjane, jina lake Mbonea, na wanawe wadogo. Msimu uliopita, zamu yake ilifika, maji hayakufika. Maharage yakakauka, asipate hata ya mbegu. Msimu huu, zamu imefika, maji hayakufika. Mahindi yameanza kujikunja majani. Mbonea akiyatazama, roho inamuuma mpaka anashindwa kula. Msimu huu ukipita hivi hivi, shamba limekwenda. Na shamba likienda, yeye na wanawe wakaishi wapi?

Tena kila alfajiri ya zamu yake, alisikia huko juu, mlangoni kwake: Pwa! Pwa! Pwa!

Semeni nanyi, midomo si ya kulia ugali tu!

— Pwa! Pwa! Pwa!

Mbonea amezaliwa kando ya mfereji, amekulia kando ya mfereji. Akaijua ile sauti. Ni tope, linapigwa kwa mgongo wa jembe. Maji yakililegeza, linapigwa tena. Na shamba lililopakana na lake, lenye magimbi yaliyonawiri mpaka mtu akipita ndani haonekani, lilikuwa la nani? La Jumbe Mrindoko. Mbonea akajifunga kaniki yake vizuri, akasema, "Liwalo na liwe. Naenda barazani."

Kufika barazani, kwenye uwanja ulio chini ya mashamba yote, lo! Watu wamejaa, hapana pa kutia mguu. Katikati amesimama Senkoro, mtu mrefu, mishipa ya shingo imemtoka.

"Jumbe ana mkia!" alikuwa akisema. "Mimi nasema! Mmewahi kumwona akioga mtoni na wanaume wenzake?"

"Hatujawahi!"

"Mbona akikaa anakaa upande?"

"Eeh, anakaa upande!"

"Na ile pwa, pwa, pwa ya alfajiri, mnadhani ni nini? Ni mkia huo! Anaupiga chini kuunyoosha!"

"Mkia upo!" watu wakapiga kelele. "Mkia upo!"

Sasa mtaniuliza, mbona walimwamini? Kwa sababu Senkoro aliwahi kusema kweli. Jumbe wa zamani alikuwa akila mbuzi wa watu, Senkoro akasema, wakaenda wakakuta mifupa. Basi. Tangu siku hiyo, Senkoro hakulitumia tena neno "nadhani".

Mbonea akapenya, akapiga goti. "Wazee wangu, maji hayanifikii. Mlango wangu unazibwa. Naomba baraza lije lione."

Kabla mzee yeyote hajafungua mdomo, Senkoro akamdaka. "Mmesikia? Mmesikia nyie! Maji yanaukimbia mkia! Hata mjane anashuhudia!"

"Shemeji, mimi sikutaja mkia..."

"Anaogopa kuutaja! Mwoneni anavyotetemeka!"

Watu wakaangua kicheko, wengine wakashika vichwa, na neno la Mbonea likapotea palepale. Akageuka kumtazama Jumbe, aliyekuwa amekaa pale pale kwenye kigoda chake. Hasira ilimpanda, maana Jumbe hakukasirika hata kidogo. Jumbe Mrindoko alikuwa anatabasamu. Akachukua kata ya pombe ya miwa, akampelekea Senkoro kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Kunywa, ndugu yangu, koo litakauka."

Sasa mila ilikuwa hivi: neno la kumshtaki Jumbe halipokelewi mpaka mkubwa wa umri kuliko wote alipime kwanza. Na mkubwa huyo alikuwa Bibi Nakiete. Bibi huyo! Watoto aliowazalisha walikwishaota mvi. Wakamwita. Akaja polepole, ko, ko, ko, na mkongojo wake. Akakaa. Akavuta ugoro wake.

Chyaaa!

"Afya, Bibi!"

"Afya ninayo, ninachokosa ni usingizi. Nani ananiamsha?"

"Mimi, Bibi," akasema Senkoro. "Jumbe ana mkia."

"Ahaa. Mjukuu wangu, sikukatalii. Nimeishi sana, nimeona mengi. Nakuuliza moja tu. Ukiona nini, utasema, 'Kumbe nilikosea'?"

Senkoro akacheka. "Sijakosea."

"Jumbe akivua shuka hapa, tusione mkia?"

"Ameukunja."

"Tukimpapasa?"

"Leo ameuacha nyumbani."

"Tukaupekue nyumbani kwake, tusiukute?"

"Si ndiyo maana alijenga ghala jipya! Mlidhani ni la mahindi?"

"Na ghala tukilikuta tupu?"

Senkoro akamsogelea. Akamtazama Bibi juu mpaka chini. "Bibi, mbona unamtetea sana? Hebu na wewe simama kidogo, ugeuke."

Salaala! Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Lakini wapo waliochungulia, tena mmoja aliinama kabisa! Bibi Nakiete akamgonga kwa mkongojo, ko! Yule mchunguliaji akarudi kukaa.

Bibi akapangusa pua. "Nimesikia. Na wewe, mwanangu Mbonea? Nawe uniambie. Ukiona nini, utasema umekosea?"

Mbonea alihisi macho yote yamemgeukia. Hakuwahi kujiuliza. Vipi kama amekosea kweli? Vipi kama ni ukingo umeporomoka tu huko juu, na yeye amekuja kumchafulia mtu jina?

"Bibi," akasema, "twende mlangoni kwangu, sasa hivi. Tukikuta ni udongo umeporomoka wenyewe, nimekosea. Tukikuta tope ni kavu, la zamani, nimekosea. Tukikuta magimbi ya Jumbe nayo yana kiu kama mahindi yangu, nimekosea sana, nami nitamwomba msamaha kwa magoti, mbele yenu wote."

Jumbe Mrindoko akaacha kutabasamu.

"Tuanze na mkia!" akasema. Akainuka upesi. "Mimi ndiye mshtakiwa, nina haki yangu! Nivueni! Nikagueni hapa hapa!"

"Hakuna haja, baba," akasema Bibi.

"Haja ipo! Jina langu limechafuliwa! Njooni mpapase!" Na mikono yake mwenyewe ikaanza kufungua shuka. Wanawake wakafunika macho. Wazee wakasema, "Jumbe, Jumbe, aibu!" Yeye wala! Anavuta fundo, anageuka huku, anageuka kule, anabembeleza watu wamtazame makalio.

Bibi Nakiete alimwangalia mpaka akachoka. "Mwanangu, funga nguo," akasema. "Nimezalisha kijiji hiki kizima, na wewe ukiwemo. Mgongo wako niliuona kabla mama yako hajauona, na ulikuwa safi. Kinachonishangaza ni hiki: hukuambiwa uvue, unavua mbio. Umeambiwa tupande kidogo tu hapo mferejini, miguu imekufa ganzi. Haya, twendeni."

Wakapanda. Bibi mbele, ko, ko, ko. Mbonea nyuma yake. Jumbe wa mwisho, ghafla ameanza kuchechemea.

Kufika mlangoni kwa Mbonea wakakuta nini? Shina la mgomba limelazwa, na juu yake tope bichi, linang'aa, limepigwa likapigika. Upande wa pili magimbi ya Jumbe yamesimama ndani ya maji mpaka vyura wamehamia humo.

"Fuko hao," akasema Jumbe. "Mwaka huu fuko wamezidi."

Bibi akainama, akapapasa lile shina. "Hapa pamekatwa kwa panga. Fuko wako wana panga, Jumbe?"

Jumbe akatazama miguu yake. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, "Nililitaka lile shamba, Bibi. Na huyu Senkoro alinifaa. Kila alipopiga kelele, nilimjazia kata. Mtu anayetafutwa mkia hatafutwi jembe."

"Si nilisema!" Senkoro akaruka, akipiga kifua. "Si nilisema tangu mwanzo kwamba Jumbe ni mbaya! Nani alisema? Nani?"

Hapo Mbonea akamgeukia. Machozi yanamtoka wala hakuyafuta.

"Shemeji Senkoro," akasema, "nilikuja barazani kuomba maji, ukanipa mkia. Wanangu wangekula huo mkia?"

Senkoro akainamisha kichwa, akarudi nyuma ya watu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na watu waliiona.

Baraza likaamua palepale: Jumbe azibue kwa mikono yake, na zamu yake aichukue Mbonea mpaka mahindi yakomae. Jumbe akaingia kwenye tope akazibua. Maji yakaingia, chwaaa! Mbonea akaingia nayo, mpaka magotini, akawa anayasukuma kwa mikono kuelekea kwenye mahindi, analia na kucheka. Msimu ule alivuna, akala na wanawe, akabakiza na mbegu. Shamba likabaki kuwa lake.

Bibi Nakiete alikufa, kama sote tutakavyokufa, lakini kijiji kile hakikumsahau. Mtu akija mbio na neno juu ya mkubwa fulani, wanamkaribisha kiti, wanamuuliza lile swali la Bibi.

Nanyi mnaonisikiliza, shikeni hili. Wakubwa wana maovu yao, mimi sikatai, na wengine wanayo mengi kuliko nywele za kichwani. Lakini anayekuletea habari zao, muulize kipi kitamfanya aseme amekosea. Akiwa na jibu, chukueni fimbo mwende mkaone. Akiwa hana, mpeni uji anywe, nanyi mwende mferejini wenyewe.

Hadithi yangu imefika hapo, haina pa kwenda tena. Ikiwa tamu, chukueni mwende nayo. Ikiwa chachu, niachieni mwenyewe.