Nani Avishwe Gauni la Kanisa?

“Bwana arusi akija leo, ataingia kwetu au kwao?”

Niliuliza hivyo katika shule ya Jumapili nikiwa na miaka minane, na mwalimu akaniambia nikae. Kwetu ni kanisa la mawe lililo juu mlimani, kule Taita. Kwao ni darasa moja bondeni, walikohamia nusu ya waumini baada ya ugomvi wa rangi ya sare za kwaya. Wa juu walitaka buluu, wa bondeni wakataka damu ya mzee. Watu waliozikana na kuozana tangu enzi za mababu wakanuniana kwa sababu ya kitambaa. Ndiyo, watu wazima.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza.

Kanisa letu lilikuwa na desturi ambayo naikumbuka hadi leo nikinusa majani mabichi yaliyokatwa ya kupambia mlango. Jumapili ya kwanza ya Majilio viti viwili viliwekwa mbele. Kimoja kiliachwa kitupu: cha Bwana arusi, yaani Kristo tunayemngoja. Cha pili alikalia mwanamke mmoja aliyevaa gauni la arusi kwa niaba yetu sote, kwa kuwa kanisa ndilo bibi arusi wake. Aliingia wa mwisho, sisi tumesimama, ukungu ukiingia naye. Hata yule tuliyemwona jana akipalilia mahindi na tope hadi magotini, siku hiyo alitunyamazisha.

Mwaka ule wa ugomvi, panya waliingia kwenye kabati la kanisa wakalitafuna gauni. Kasisi akasema basi, mwaka huu hakuna bibi arusi. Wanawake watatu wakakataa. Mmoja alikuwa na kipawa cha kutoa, mmoja cha mikono, mmoja cha maneno.

Wakesho, mjane, ndiye aliyetoa. Mumewe alipofariki, mashemeji walibeba kila kitu isipokuwa gauni lake la ndoa, alilolificha chini ya godoro. Alilipeleka kwa Mkamburi, fundi wa nguo. Gauni la kanisa sharti limkae mwanamke yeyote, mnene au mwembamba, kwa hiyo hilo lilipaswa kufumuliwa lote.

“Nikikata halirudi, dada,” Mkamburi alimwonya.

“Nimesema kata. Lilimtosha msichana wa miaka kumi na tisa. Huyo simwoni tena hapa.”

Mkamburi ndiye aliyeshona. Ni shangazi yangu, lakini msimpendelee kwa ajili yangu. Aliwashonea maarusi wa mlima mzima, yeye mwenyewe hakuposwa hata mara moja. Kitambaa kilikuwa kimezeeka, cherehani ingekichana, basi akashona kwa mkono hadi vidole vikavimba. Wasichana wakamtania, “Shangazi, si ujipime basi?”

“Nimewapima nyinyi wote, namjua kila anayebana tumbo. Niacheni nishone.”

Saru ndiye aliyesema. Alikuwa ameishi na baba wa watoto wake bila kufunga ndoa kanisani, kwa hiyo hakuruhusiwa kupokea Meza ya Bwana, na kiti chake kilikuwa benchi la nyuma kabisa. Alishuka bondeni akaingia nyumba baada ya nyumba, hadi kwa kiongozi wa kwaya yao.

“Umetumwa na nani, wewe usiyepokea Meza?”

“Sijatumwa. Kule juu silishwi, huku kwenu silishwi, kwa hiyo mimi sina upande. Gauni ni jeupe. Si buluu, si damu ya mzee. Una neno?”

Yule kiongozi alicheka hadi akamwita mkewe alete chai. Jumapili ya Majilio bonde lote lilipanda mlima.

Hesabuni wenyewe. Pasipo Wakesho hakuna kitambaa. Pasipo Mkamburi kuna vipande mezani. Pasipo Saru gauni lingevaliwa kwa niaba ya nusu ya watu, na nusu ya bibi arusi ni nani?

Chumbani, nyuma ya madhabahu, nami nikiwa kando ya shangazi, Mzee Mwachofi wa baraza la kanisa alisema, “Mmoja avae. Watu wanangoja.”

Wakesho akasema, “Nimelitoa, silidai. Lakini natamani nilivae mara moja tena.”

Mkamburi akasema, “Mimi sijavaa hata moja. Najua hiyo si sababu. Nimesema tu.”

Saru akasema, “Nataka watoto wangu wanione nimekaa mbele.”

“Saru, wewe hata Meza hupokei,” Mzee Mwachofi akamkumbusha.

Mpaka leo maneno hayo yananichoma. Mkamburi akamgeukia Mzee: “Na waliogombania sare, wao wanapokea?”

Kasisi akaingilia: “Jamani, gauni hili si mshahara. Bibi arusi hapendwi kwa kazi aliyoifanya.”

“Sawa, Kasisi,” akajibu Wakesho. “Kama si mshahara, mvishe unayemtaka.”

Kasisi akalishika gauni, akasimama nalo mikononi. Nje, kwaya mbili zilikuwa zimeanza wimbo mmoja.

Hapo ndipo ninapowaachia. Wenzangu chuoni hukimbilia kusema wapokezane, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Hakukuwa na mwaka ujao. Alikuja kasisi mpya akaikomesha desturi, na leo hapo mbele pana spika kubwa mbili. Wengine husema wote watatu wanastahili. Najua wanastahili, lakini gauni ni moja na mlango umeshafunguliwa.

Ungekuwa wewe Kasisi, ungemvisha nani? Nakuomba unitajie jina moja tu, kisha uniambie utawaambia nini wale wawili.